Umepima kwa mkono wa nani?

Ndugu msikilizaji, kama unaishi mjini na una jamaa bara, simu ya namna hii unaijua. "Shikamoo mjomba. Tumbaku imelipwa. Naomba unitafutie laptopu ya gemu huko Kariakoo. Nimeona moja kwenye tangazo, imetumika, lakini ina alama 8,300." Kabla hujauliza alama hizo ni za nini, fedha zimekwisha kuingia kwenye simu yako.

Tuseme mpigaji yuko Goweko. Ni kituo cha reli ya kati, ile iliyofika Tabora mwaka 1912. Ukitoka Dar es Salaam unakipita kabla ya Igalula na Tabora mjini. Kijana wa huko hatafuti mashine ya gemu kwa mchezo tu. Anataka kuunganisha video za harusi, awachezeshe wenzake gemu kwa malipo, na kazi hizo zinadai kadi ya picha yenye nguvu. Mpya haiwezi, kwa hiyo anatafuta ya mtumba. Ikimfikia mbovu hawezi kuirudisha dukani jioni ile ile. Fedha za msimu mzima zitakuwa zimekwenda, na aliyechagua ni wewe.

Basi alama 8,300 ni kitu gani? Mara nyingi zinatoka kwenye programu iitwayo 3DMark, na jaribio lake maarufu ni Time Spy, lililotolewa mwaka 2016. Programu inaichoresha mashine mandhari nzito, inahesabu picha ngapi zimetoka kwa sekunde, kisha inafanya hesabu na kutoa namba moja. Katika namba hiyo kadi ya picha ina uzito wa asilimia 85 na prosesa asilimia 15. Kwa maneno mengine, prosesa dhaifu inaweza kujificha nyuma ya kadi nzuri. Uliza namba zote mbili, ya kadi na ya prosesa. Zipo kwenye ukurasa ule ule. Muuzaji hana sababu ya kukuonyesha moja tu.

Wengine watakutajia Cinebench, ambayo hupima prosesa. Hapo uliza ni toleo gani. Prosesa ile ile inayopata maelfu mengi kwenye toleo la R23 hupata mamia tu kwenye toleo la 2024. Mashine haijabadilika, kilichobadilika ni kipimo.

Jambo hili si geni katika nchi ya Unyamwezi. Enzi za misafara, nguo ya merikani ilikuwa fedha katika njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji. Doti moja ilikuwa mikono 8, na mkono ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Lakini mkono wa nani? Wa mtu mrefu haulingani na wa mtu mfupi. Mwenye akili alimtazama anayepima kabla hajaitazama nguo.

Laptopu nayo ina mikono mirefu na mifupi. Kampuni ya NVIDIA ilipotangaza kadi zake za RTX 30 za laptopu Januari 2021, iliwaachia watengenezaji uhuru mkubwa wa kupanga umeme. RTX 3060 iliweza kupewa kati ya wati 60 na 115, na RTX 3070 kati ya wati 80 na 125. Matokeo yake ni kwamba 3060 iliyolishwa vizuri inaweza kuishinda 3070 iliyonyimwa. Anayenunua kwa kusoma jina la kadi lililobandikwa kwenye jalada ananunua stika. Hata wastani unaoonyeshwa na 3DMark wa mashine zenye kadi kama hiyo umechanganya walioshiba na wenye njaa. Kwa hiyo linganisha na matokeo ya laptopu ya muundo ule ule hasa, si ya kadi ile ile tu.

Sasa joto, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Jaribio moja ni fupi. Mashine iliyopoa, kwenye duka lenye kiyoyozi, feni zikivuma kwa nguvu zote, itatoa namba ya kupendeza. Ipeleke kwenye chumba cha mabati Oktoba, wakati mchana wa Tabora unafika nyuzi 32, uichezeshe saa mbili. Prosesa na kadi zikichemka zinapunguza mwendo zenyewe ili zisiungue. Ndiyo maana 3DMark, katika toleo la kulipia, ina jaribio la ustahimilivu linalorudia mandhari mara 20, na mashine hufaulu ikiwa uthabiti wake haukushuka chini ya asilimia 97. Usipokuwa nalo, Cinebench R23 ni ya bure na kwa kawaida inazunguka dakika 10 mfululizo. Irudie mara tatu bila kupumzisha. Namba ya kwanza ni ya tangazo. Ya tatu ndiyo ya Goweko.

Lakini usikimbie kila namba ndogo. Mimi huiogopa zaidi namba nzuri iliyo kwenye picha ya simu kuliko namba mbaya niliyoiona ikitoka. Huenda feni zimejaa vumbi, au ile dawa ya kupitisha joto iliyopakwa juu ya chipu imekauka. Fundi anasafisha na kupaka upya siku hiyo hiyo. Huenda mashine ina kipande kimoja cha RAM badala ya viwili. Na mara nyingi tatizo ni chaja: laptopu iliyozaliwa na chaja ya wati 230 imepewa ya wati 120 iliyookotwa dukani, na mashine inajibana ili iendane na mgao. Hayo yanatengenezeka, nayo ni hoja zako za kupunguziwa bei. Yasiyotengenezeka kwa fedha ya Goweko ni kadi inayotoa madoa kwenye skrini au kuzima mashine katikati ya jaribio. Hapo simama, aga, uende duka jingine.

Na kuhusu picha za matokeo, kumbuka kwamba hata wakubwa wameshukiwa. Mei 2003 waliotengeneza 3DMark walichapisha ripoti iliyosema kwamba programu endeshi za NVIDIA zililitambua jaribio lao na kukata njia ili zipate alama zaidi. Ikiwa hayo yalitokea huko, picha ya muuzaji wa kichochoroni ina dhamana gani?

Ukifika dukani, basi, omba mashine iwashwe ikiwa kwenye umeme na chaja itakayouzwa nayo, si ya jirani. Endesha majaribio mwenyewe. Halafu ichomoe, uandike amri ya Windows powercfg /batteryreport. Itakuletea ripoti yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo ilio nao leo ikijazwa. Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, hesabu bei ya betri mpya na uitoe kwenye bei ya muuzaji kabla hujafungua pochi.