Picha Safi, Lakini Mgonjwa Bado: Majeraha ya Kichwa na Tezi Iliyo Chini ya Ubongo

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Kaunti ya Kwale. Chifu, mzee wa mtaa au mhamasishaji wa afya ya jamii anaweza kuyasoma barazani.



Kuanzia Ukunda hadi Lunga Lunga, kila mtaa una mtu kama huyu. Kijana ameanguka na pikipiki, amepoteza fahamu kwa muda, amekimbizwa hospitali. Amepigwa picha ya kichwa na daktari akasema hakuna mfupa uliovunjika wala damu iliyovuja. Akaruhusiwa kwenda nyumbani. Miezi sita baadaye, yule aliyekuwa akiamka alfajiri kutafuta abiria analala hadi saa nne. Anasahau nauli, anakasirika upesi, hamu ya tendo la ndoa imekwisha. Nyumbani anaitwa mvivu. Majirani wananong'ona kuwa amerogwa. Mwenyewe hana la kujibu, kwa sababu aliambiwa picha yake ni safi.

Picha ilisema kweli, ila haikusema yote.

Picha ya CT ilitumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1971. Mbunifu wake, Godfrey Hounsfield, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini. Inafaa sana kwa dharura: kwa dakika chache inaonyesha mfupa uliopasuka, damu iliyoganda ndani ya fuvu, na ubongo uliovimba. Hayo ndiyo yanayoua haraka, na ndiyo daktari anayatafuta kwanza.

Lakini ubongo hufanya kazi kwa kuwasiliana. Sehemu moja hutuma habari kwa nyingine kupitia nyuzi nyembamba mno. Mtu akitazama kutoka kwenye ndege ataona maduka ya Ukunda yamesimama na nyumba za Msambweni ziko salama. Lakini kama daraja la Ramisi limekatika, matatu ya Lunga Lunga haifiki. Ndivyo ilivyo kichwa kikitikiswa kwa nguvu: nyuzi huvutika, nyingine hukatika, na CT haizioni. Watafiti hutumia aina maalum ya MRI inayofuatilia jinsi maji yanavyosonga kando ya nyuzi hizo. Nyuzi zikiumia, mwendo wa maji hubadilika. Kwa njia hiyo wameonyesha kuwa hata mtu ambaye CT yake ni safi anaweza kuwa na mawasiliano yaliyovurugika ndani ya ubongo. Kipimo hicho bado ni cha utafiti zaidi kuliko cha kliniki, lakini somo lake linamhusu kila mtu: malalamiko ya majeruhi yasipuuzwe.

Kuna jambo la pili, na hili lina dawa. Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi iitwayo pituitari. Ni ndogo kama punje ya mbaazi, na inaning'inia kwa kikonyo chembamba, kama embe mtini. Tezi hii huziamuru nyingine: tezi ya shingo, tezi zilizo juu ya figo, mayai ya mwanamke, korodani za mwanamume. Pigo la kichwa linaweza kukivuta kikonyo hicho na kuikatia tezi damu. Mwaka 2007, jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha majumuisho ya tafiti kadhaa: miezi mitano au zaidi baada ya jeraha la kichwa, zaidi ya robo ya waliopimwa walikuwa na upungufu wa homoni za pituitari. Kwa wengine upungufu hupungua wenyewe. Kwa wengine hubaki.

Dalili zake hujificha: uchovu usioisha, baridi hata wakati wa kaskazi, kizunguzungu wakati wa kuinuka, hedhi kukatika, nguvu za kiume kupungua. Wengine hupata kiu kali na kukojoa mfululizo, wakadhaniwa wana kisukari, kumbe wakipimwa sukari iko sawa.

Akina mama, tezi hii inawahusu hata bila ajali. Mimba inapokua, pituitari nayo hunenepa na kuhitaji damu zaidi. Mama akitoka damu nyingi mno wakati wa kujifungua, tezi inaweza kufa kwa kukosa damu. Daktari Mwingereza Harold Sheehan alieleza hali hii mwaka 1937, na ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Mara nyingi dalili ya kwanza ni maziwa kutotoka kabisa. Kisha hedhi hairudi, nywele za kwapa hupungua, mwili hulegea. Maziwa yana sababu nyingi za kuchelewa, lakini mama aliyemwaga damu nyingi, asipate maziwa wala hedhi, apimwe. Asiambiwe kwamba ni kijicho cha jirani.

Hatari ni kwamba mtu asiye na homoni ya kotisoli ya kutosha anaweza kuishi miaka akijikokota, halafu malaria au kuhara kukamwangusha kwa siku moja. Kipimo cha damu, ambacho kwa kotisoli hufanywa asubuhi, huonyesha upungufu, na picha ya MRI husaidia kuitazama tezi yenyewe. Tiba ni vidonge vya kurudisha homoni zinazokosekana. Mgonjwa asiviache ghafla hata akijisikia mzima.

Ni kweli kwamba mashine za MRI ni ghali na ziko mbali na vijiji vingi. Matumaini yapo karibu: mwaka 2022, huko Mbarara, Uganda, wahandisi wa chuo kikuu wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi waliunda MRI ndogo papo hapo kwa siku 11. Nguvu ya sumaku yake ni ndogo mara nyingi kuliko ya mashine za kawaida, na ililengwa hasa watoto wenye vichwa vikubwa vilivyojaa maji.

Lakini kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Ni maneno. Anayekwenda zahanati, Hospitali ya Kinango au Hospitali ya Rufaa ya Msambweni amwambie mhudumu wazi: "Niliumia kichwa mwezi fulani," au, "Nilitoka damu nyingi nilipojifungua." Karatasi ya hospitali itunzwe, na tarehe iandikwe. Bila maneno hayo, mhudumu ataona uchovu tu na kutibu malaria. Kumwombea mgonjwa si kosa. Kosa ni kumchelewesha.

Baada ya ajali, hospitali ni mara moja ikiwa majeruhi anatapika tena na tena, kichwa kinazidi kuuma, anasinzia na haamki vizuri, anapata degedege, anaongea ovyo, upande mmoja wa mwili umelegea, au maji au damu inatoka sikioni au puani. Asibanwe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Alazwe, shingo ishikiliwe isicheze, gari litafutwe.

Na kinga ni helmeti. Tafiti zilizojumuishwa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 na ya kifo kwa asilimia 42. Sheria ya Kenya inamtaka dereva na abiria wote wavae. Helmeti iliyoning'inizwa kwenye usukani haimlindi mtu.

Yule kijana anayelala hadi saa nne bado yuko nyumbani kwao. Kabla ya kumwita mvivu tena, jamaa zake wamuulize aliumia lini, kisha wamsindikize kliniki.