Jathum ni Mwalimu: Kuhusu Madai kwamba Nyatiti Haifundishiki



Nilipoalikwa kuzungumza hapa Milimani, nilinuia kueleza jinsi gitaa la benga lilivyojifunza kutembea kwa vidole vya nyatiti, kinubi cha Wajaluo. Benga itasubiri. Sababu ni hii: katika kikao kimoja cha wasomi, ambacho sitakitaja, ilitolewa kauli ikapita bila pingamizi: kwamba nyatiti haina mwalimu, ina wenye kipaji tu. Mpiga kinubi wa Ulaya, tuliambiwa, hupitia shule, mitihani na vyeti, ilhali jathum, mpiga nyatiti, huamka siku moja akapiga. Basi fedha chache tulizo nazo zinunue piano.

Hadhira hii haihitaji kuelezwa kwamba nyatiti ina nyuzi 8, kwamba mwili wake ni gogo lililochongwa na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, wala kwamba nyuzi za kano zimeipisha nailoni ya wavuvi. Twende kwenye kauli yenyewe.

Inasema, kwanza, kwamba ufundi huu umo damuni. Kama umo damuni, Eriko Mukoyama aliupata wapi? Mwanamke huyu wa Kijapani, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Anyango, alikwenda Siaya akakaa chini ya Okumu K'Orengo, akafundishwa ala ambayo kwa desturi ilikuwa ya wanaume. Alitoka huko akiwa mpiga nyatiti. Hakuwa na babu Mjaluo wa kumrithisha. Alikuwa na mwalimu. Wenye kauli ile wangeweza kukomea hapo wakaketi.

Inasema, pili, kwamba hakuna mtaala. Tazameni mambo anayopaswa kuyamudu mwanafunzi. Kuna mguu: pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, igonge ubao huku njuga zikilia. Kuna kuzikaza nyuzi hadi zisikilizane. Kuna mikono miwili inayogawana nyuzi, nne kwa nne, kila mmoja na kazi yake. Kuna sauti ya mwimbaji, ambayo haifuati vidole kitumwa. Mwisho kuna watu, na hapo ndipo wengi huanguka. Mgeni atoe pesa, asimamishe wimbo ili ajisifu kwa pakruok. Jathum amsikilize, akumbuke majina ya ukoo wake, kisha aurudishe wimbo kana kwamba haukukatwa. Nani kati yetu wenye shahada angefaulu mtihani huo, usiku kucha, matangani, mbele ya wafiwa na walevi pamoja?

Inasema, tatu, kwamba hakuna vyeti. Hili ni kweli, na halithibitishi lolote. Bodi ya mitihani ya ABRSM ilianzishwa Uingereza mwaka 1889, na hadi leo watoto wa Kenya huvaa viatu vilivyong'arishwa kwenda kupigia piano mtahini wake. Mtahini wa jathum ni kijiji. Anayeshindwa haandikiwi alama, haitwi tena.

Hapa naomba nimtaje Washington Omondi, na mniwie radhi nikikawia. Mwaka 1963 alikuwa katika kamati ndogo iliyotuandalia wimbo wa taifa, pamoja na Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume na Peter Kibukosya. Mwaka 1980 Chuo Kikuu cha London kilimpa shahada ya uzamifu kwa tasnifu juu ya thum, muziki wa nyatiti wa Wajaluo. Mwaka 1984 tume ya muziki aliyoiongoza ilikabidhi ripoti yake kwa serikali. Mtu aliyeijua nota ya Kizungu vizuri kiasi cha kuaminiwa wimbo wa taifa ndiye aliyeiona nyatiti inastahili tasnifu nzima. Nakala yangu ya kazi hiyo imelegea mgongo, na kila ninapoirudia nashangaa kwamba bado tunabishania jambo ambalo mwenzetu alilifunga zamani.

Nitakuwa mwadilifu. Ni kweli kwamba jathum wengi hufundisha kwa kutenda kuliko kwa kueleza. Ni kweli kwamba wanawake walizuiwa, na kwamba nyimbo nyingi zimezikwa na wenyewe. Ni kweli pia kwamba mpiga nyatiti Ayub Ogada, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956 na kufariki Nyahera mwaka 2019, alijulikana duniani kupitia jukwaa na albamu yake ya 1993, En Mana Kuoyo, wala si kupitia darasa. Lakini haya yanatuambia mafunzo yalikuwa na kasoro. Hayatuambii kwamba hayakuwepo. Jirani zetu Waganda walilielewa hili mapema: Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri ya Kabaka, alifanya kazi katika Makumbusho ya Uganda, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Gerhard Kubik kutoka Austria. Kasri iliposhambuliwa mwaka 1966, sehemu ya elimu yake ilikuwa tayari imetoka nje ya lango.

Hata baada ya kupima yote, sitaiacha imani yangu moja: nyatiti ianzie mguuni. Nikiwa mwanafunzi, nilimwendea mzee mmoja wa Seme nikijivunia vidole vyangu vya piano. Aliniamuru nivue kiatu, akanivika oduong'o, akaiweka nyatiti mbali nami. Niligonga kipande cha ubao hadi jioni. Kinubi cha okestra chenye nyuzi 47 kina kanyagio 7, na mguu wa mpigaji hubadilisha sauti za nyuzi. Mguu wa jathum ndio ngoma yake. Mwanafunzi anayeandika nyuzi kwenye nota na kuusahau mguu ameandika nusu ya muziki.

Ombi langu ni fupi. Tume ya Huduma ya Walimu haiwezi kumsajili jathum asiye na cheti, na sheria ni sheria. Lakini vyuo vikuu na serikali za kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori zinaweza kumlipa kwa mkataba kama mkufunzi, kwa saa, kama zinavyowalipa wakufunzi wengine. Nunueni piano, sipingi. Ila bajeti hiyohiyo iwe na mshahara wa jathum mmoja, mwaka huu, kabla hatujaanza kumtafuta kwenye kanda za kumbukumbu.