Nati Nyekundu

 

Ninyi mnaosafiri kati ya Homa Bay, Rongo na Migori mnawajua mafundi wetu wa jua kali. Lori kuukuu limesimama chini ya mti, injini imetolewa, na vyuma vyake vimepangwa juu ya gunia. Mpita njia husema, “Hicho ni chuma chakavu.” Fundi husema, “Bado lina kazi.” Leo nataka tujifunze jambo moja kutokana na malori ya namna yake, yaani malori yaliyoundwa kwa ajili ya jeshi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kiwanda cha Bedford huko Uingereza kiliunda lori lililoitwa QL. Kati ya mwaka 1941 na 1945 yaliundwa zaidi ya 50,000. Miaka hiyo hiyo vijana wengi wa Afrika Mashariki walichukuliwa jeshini, wakafika Ethiopia, Madagaska na Burma, na baadhi yao wakafundishwa udereva na ufundi wa magari. Vita vilipokwisha, magari mengi ya jeshi yaliuzwa kwa raia, na askari wakarudi makwao na ufundi mikononi. Hivyo chombo kilichobeba risasi kikaanza kubeba mahindi na pamba. Nabii Isaya aliona mbele siku ambayo silaha zitafuliwa kuwa zana za shamba, na kila lori la namna hiyo ni kionjo kidogo cha siku ile.

Lori la jeshi hupendwa kwa sababu huvuta kwa magurudumu yote. Aliyewahi kukwama katika udongo mweusi wa bonde la Lambwe baada ya mvua haulizi sababu yake ni nini.

Lakini kulifufua gari lililolala miaka kumi si kazi ya siku moja. Fundi mwema haanzi na rangi. Humwaga mafuta ya zamani katika tangi, maana ndani mna kutu na maji. Hufungua breki gurudumu kwa gurudumu, kwa sababu mipira yake imekauka, na pistoni zimeshikwa na kutu. Tena hatii oili ya injini mahali pa mafuta ya breki, hata kama mwenye gari analalamika juu ya bei. Oili hiyo huivimbisha mipira ya breki na kuiharibu, kisha breki hukataa siku gari limejaa watu na linateremka mlima.

Sasa sikilizeni vizuri habari za gurudumu. Magari mengi ya jeshi la Uingereza ya wakati wa vita yalikuwa na rimu ya vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati. Kwa hiyo ukitazama gurudumu utaona duara mbili za nati. Duara ya ndani hulifunga gurudumu kwenye gari, na hizo ndizo hufunguliwa kila mara tairi inapobadilishwa. Duara ya nje huvishika vile vipande viwili visiachane. Upepo ulio ndani ya tairi huvisukuma kwa nguvu ya tani kadhaa. Mtu akizifungua nati za nje kabla ya kutoa upepo wote, rimu hupasuka na kumrukia usoni. Hatapata nafasi ya kujifunza mara ya pili.

Kwa sababu hiyo nati zile za nje zilipakwa rangi nyekundu. Mafundi wa jeshi walijua hatari, wakaiandika kwa rangi ili hata asiyejua kusoma aelewe: usiguse hapa kabla ya kutoa upepo.

Basi fikirini lori hilo limeuzwa mara tatu. Mwenye gari mpya anataka lipendeze. Anamwita mpaka rangi, naye analipuliza lote rangi moja, toka bodi hadi magurudumu. Lori linang’aa, watu wanalisifu. Lakini nati nyekundu zimepotea. Siku moja kijana anayejifunza kazi anaambiwa afungue gurudumu. Anatazama, anaona nati zote zinafanana. Hakuna aliyemwambia. Anachukua spana.

Ndugu zangu, ni nani mwenye hatia hapo? Je, ni kijana aliyeshika spana? Au ni yule aliyeifunika alama, pamoja na mzee aliyeijua akanyamaza?

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya nne, tunasoma kwamba Israeli walipovuka Yordani waliagizwa watwae mawe kumi na mawili kutoka mtoni na kuyasimamisha. Kwa nini? Ili watoto waulize maana yake, na wazazi wajibu. Mungu hakutegemea mawe peke yake. Alitaka alama, na kinywa cha mzee cha kuieleza.

Nasi tumekuwa wapaka rangi. Kenya ilitambua mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI mwaka 1984. Katika miaka iliyofuata tuliwazika wengi katika nyumba zetu za kandokando ya ziwa. Tulinunua majeneza mazuri, tukaimba vizuri, tukasoma historia ya marehemu tangu kuzaliwa. Lakini tulipofika kwenye ugonjwa, tulisema ni malaria, au ni chira, au “aliugua kwa muda mfupi.” Tulitaka kulinda heshima ya nyumba. Tukapuliza rangi moja juu ya kila kitu, na watoto waliosimama kando ya kaburi hawakuiona nati nyekundu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya watano katika Homa Bay, na zaidi ya mmoja kati ya kumi katika Migori, walikuwa na virusi hivyo.

Sisemi haya ili kumwaibisha mtu. Leo dawa zipo, na anayezitumia vema huishi miaka mingi, hufanya kazi na kulea watoto wake. Wala mgonjwa si chuma chakavu mbele za Mungu. Nasema haya kwa sababu upendo hauifuti alama ya hatari ili nyumba ipendeze.

Ninyi baba na mama, kaeni na watoto wenu jioni moja wiki hii. Waambieni yale yaliyoiumiza jamaa yenu: ugonjwa, pombe, deni, au shamba lililouzwa kwa siri. Waambieni kwa upole, bila kumtukana marehemu. Fundi aliyepaka rangi nyekundu hakuwa akimlaumu aliyekufa. Alikuwa akimwokoa atakayekuja.

Nanyi vijana, msione haya kuuliza. Kabla ya kutia spana, uliza, “Mzee, nati hizi ni za nini?” Swali hilo halipunguzi ufundi wako. Na kama huna wa kumwuliza, toa upepo wote kwanza.

Na tuombe. Ee Baba, wewe huvitengeneza upya vilivyochakaa. Utusamehe kwa kunyamaza kwetu. Uwape wazee ujasiri wa kusema kweli kwa upendo, na vijana masikio ya kusikia. Uwalinde mafundi wetu, mikono yao na macho yao, na wote wanaosafiri katika magari waliyoyatengeneza. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.