Fundi wa Dizeli Asiachwe Kituoni

(Hotuba iliyotolewa siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Niliondoka shuleni hapa mwaka 1984, nikaingia gereji Nairobi. Tangu hapo nakula kwa dizeli. Leo nitasema juu ya basi lisilohitaji dizeli, yaani basi lisilonihitaji mimi.

Kila aliyesimama kituoni jioni anaujua moshi mweusi. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani. Basi sitautetea, ijapokuwa umenisomeshea watoto.

Wako waliokwisha kuuacha. Mji wa Shenzhen, nchini China, ulipofika mwisho wa mwaka 2017 mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, yalikuwa ya umeme. Hayakuja kwa maneno matupu. Serikali ilitoa ruzuku kubwa, na vituo vya kuchaji vikajengwa.

Kwetu, mabasi machache ya umeme yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022. Tuna heri moja: sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka katika mvuke wa Olkaria, maji ya Mto Tana na upepo wa Loiyangalani. Dizeli huletwa kwa meli, nayo hulipiwa fedha za kigeni.

Lakini kuna mtu ambaye katika hesabu hizi husahauliwa, naye ni fundi. Basi la umeme halina nozeli, halina klachi, wala oili ya injini ya kumwaga. Lina mota, betri kubwa, na waya wenye volti mamia kadhaa. Fundi akiushika kwa mazoea ya dizeli anaweza kufa papo hapo. Hata hivyo tairi, springi na usukani ni vile vile anavyovijua. Nusu ya kazi anayo tayari. Afundishwe nusu iliyobaki.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wenye mabasi, na ninyi mlio katika ofisi za serikali: mnapohesabu bei ya basi na ya kituo cha kuchaji, hesabuni pia karo ya fundi. Mkimwacha vijana wa Grogan wakae bure, basi likiharibika njiani mtamwita nani? Mtangoja mgeni apande ndege?

Nanyi wanafunzi, nitawaambia jambo la aibu. Mwaka jana nilirudi darasani kujifunza umeme wa magari. Mwalimu wangu alikuwa kijana mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Jaribio la kwanza nilianguka. Swali lilikuwa la Kanuni ya Ohm, ambayo nilifundishwa katika shule hii hii, mimi nikitazama mpira dirishani. La pili nilipita, lakini kwa kukesha. Elimu haina mwisho, ila kuifuata uzeeni kuna gharama.

Fizikia mnayoiona ngumu leo ndiyo spana ya kesho. Ishikeni mapema.