Maziwa ya Nyasi na Maziwa ya Gunia

(Mazungumzo na vikundi vya wafugaji, Kakamega)

 

Mnauliza kila mara: maziwa ya ng'ombe wa nyasi na ya ng'ombe wa chakula cha dukani, yapi bora? Tuseme kweli, hapa kwetu hakuna anayefuga kwa nafaka tupu. Sote twakata nepia. Tofauti ni kwamba mmoja huongeza chakula cha gunia wakati wa kukamua, mwingine haongezi.

Majani mabichi yana rangi ya manjano iliyofichwa na ule ukijani. Ng'ombe huipitisha hadi kwenye mafuta ya maziwa. Ndiyo maana malai ya mwezi wa Mei, nepia ikiwa laini, ni ya manjano kuliko ya Januari tunapolisha mabua. Mwili wa mtoto huigeuza rangi hiyo kuwa vitamini A, ya macho na ya kukinga magonjwa. (Ng'ombe wa Jersey huionyesha zaidi kuliko Friesian, kwa hiyo usimcheke jirani kwa weupe wa maziwa yake.)

Chakula cha gunia huongeza lita. Lakini ukikizidisha na kupunguza majani, tumbo la ng'ombe huingia asidi, hacheui vizuri, na mafuta ya maziwa hushuka. Laktomita ya mnunuzi kazi yake ni kukamata aliyetia maji, hiyo haitakusema. Utalipwa kwa lita, na mtoto wako atakunywa maziwa mepesi.

Sisemi msinunue. Nepia peke yake ina protini kidogo, hasa ikikomaa. Ikateni ikiwa karibu mita moja. Andika lita za juma moja bila gunia, kisha juma moja ukiongeza kilo moja kwa siku. Lita zilizoongezeka zisipolipa hiyo kilo, unamfugia mwenye duka. Utafiti uliofanywa Embu ulionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra hufanya kazi ya kilo 1 ya chakula cha dukani. Na wale mliopanda desmodiamu katikati ya mahindi kuzuia kayongo, hiyo nayo ni protini, msiiache ioze shambani.

Sasa jambo linalonitia hofu. Mahindi yakishika ukungu, tunasema, "Haya, tumpe ng'ombe." Akina mama, hapana! Ukungu huo waweza kuwa na sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka wa 2004 iliua watu 125 huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani. Ng'ombe akiila, sehemu yake hutokea kwenye maziwa kabla ya siku kuisha, na kuchemsha hakuiondoi. Maziwa hayaonyeshi dalili yoyote, si rangi wala harufu. Anayeyanywa zaidi ni nani? Mtoto mdogo, na ini lake ndilo linaloumia.

Habari njema ni kwamba ukiacha kumlisha, maziwa husafika baada ya siku chache. Mahindi hayo yafukieni. Kuku pia wasipewe. Na gunia la dukani likifunguliwa likanuka uvundo au likawa na mabonge, lirudisheni siku hiyo hiyo.

Wanaotaka mbegu za kaliandra wabaki, tuandikishane majina.