Mkono mmoja ukiwa baridi

Upepo wa Juni na Julai hapa Dodoma umetuzoesha kusugua viganja. Lakini upepo hauchagui mkono. Mmoja ukiwa baridi na umepauka, mwenzake una joto, mimi siukubali upepo kuwa sababu.

Watu wachache huzaliwa na ubavu wa ziada chini ya shingo. Ubavu huo huweza kuubana mshipa mkubwa wa damu ya mkononi, karibu na mtulinga. Mshipa ukibanwa miaka mingi hutanuka mbele ya pale palipobanwa, damu huganda humo, na vibonge hushukia vidoleni. Mkono huchoka upesi mtu akishikilia ndoo kichwani au akifunga matawi ya mizabibu. Baadaye vidole huuma, hata vikawa vyeusi.

Kuchua kwa mafuta hakuondoi mfupa. Hata daktari akitoa damu iliyoganda tu, mshipa waweza kuziba tena. Hivyo ubavu hukatwa, na mshipa ulioharibika huungwa, mara nyingi kwa kipande cha mshipa wa mguuni. Coote aliukata ubavu wa namna hiyo London mwaka 1861, kabla ya eksrei kugunduliwa! Sisi eksrei tunayo.

Nawaomba waganga wa zahanati za Kondoa na Mpwapwa: pimeni mapigo ya damu mikono yote miwili. Yakiwa hafifu upande mmoja, msimrudishe mgonjwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Na mkono ukipauka na kufa ganzi ghafla, zinahesabiwa saa, si siku.