MFAMASIA ARUDI DARASANI, LAKINI DARASA GANI?

Ingia katika duka lolote la dawa hapa mjini, utaona ukutani cheti cha usajili kikiwa ndani ya kioo. Kina jina, namba na mhuri. Chini yake zimepangwa dawa, na kila boksi limechapwa tarehe ya mwisho wa matumizi. Dawa iliyopita tarehe hiyo hairuhusiwi kuuzwa, na mkaguzi akiikuta kabatini, mwenye duka ana maswali ya kujibu. Wiki hii nauliza jambo moja: je, elimu ya yule ambaye jina lake liko ukutani nayo ina tarehe ya mwisho wa matumizi?

Jibu ni kwamba inayo, ila haikuchapwa popote.

Tuchukue malaria, ugonjwa ambao kila nyumba inaufahamu. Mfamasia aliyemaliza masomo mwaka 1999 alifundishwa kwamba dawa ya kwanza ya malaria ni klorokwini. Mwaka 2001 Tanzania ikaiondoa klorokwini katika nafasi hiyo kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, ikaweka SP. Haikupita miaka mingi, SP nayo ikachoka, na mwaka 2006 ikaanza kuipisha dawa mseto. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba mgonjwa anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Mwaka 2011 shirika hilo likashauri kwamba mtoto mwenye malaria kali apewe sindano ya atesuneti badala ya kwinini, kama lilivyokwisha kushauri kwa watu wazima. Ndani ya miaka 12 tu, karibu kila alichokiandika mwanafunzi yule katika daftari lake kuhusu tiba ya malaria kilikuwa kimefutwa.

Tena si suala la jina la dawa peke yake. Dawa mseto ya watu wengi ina dozi sita kwa siku tatu. Dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza, ndipo mgonjwa aendelee asubuhi na jioni. Humezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa, ili mwili uipokee vizuri. Mteja anayekabidhiwa boksi na kuambiwa "asubuhi na jioni" basi, ameondoka na dawa sahihi na maelezo pungufu. Na ile SP haikutupwa. Leo ni kinga kwa mama mjamzito. Lakini mjamzito anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu anaishi na virusi vya UKIMWI hapaswi kupewa SP, na vidonge vya foliki asidi vya miligramu 5 huipunguzia SP nguvu. Mambo hayo mawili hayamo katika daftari la mwaka 1999.

Chukua mfano wa pili. Dawa iitwayo dolutegravir iliidhinishwa kwa mara ya kwanza huko Marekani mwaka 2013, na leo ndiyo nguzo ya matibabu ya virusi vya UKIMWI katika nchi nyingi, yetu ikiwemo. Mtu anayeitumia akija dukani na kiungulia, akauziwa vidonge vya kutafuna vya kupunguza asidi, vile vyenye magneziamu na aluminiamu, akavimeza wakati mmoja na dawa yake, sehemu kubwa ya dawa ile haitaingia katika damu. Inatakiwa ameze dolutegravir saa mbili kabla ya vidonge hivyo, au saa sita baadaye. Nani atamwambia? Daktari wake yuko kliniki, na hajui kwamba mgonjwa amepita dukani. Anayejua ni aliyesimama nyuma ya kaunta, na ni lazima awe amejifunza jambo hilo baada ya kutoka chuoni.

Ndiyo maana wafamasia duniani kote wana kitu kinachoitwa elimu endelevu ya taaluma. Shirikisho la Kimataifa la Wafamasia lilitoa tamko lake juu ya jambo hili mwaka 2002. Kiini chake ni kwamba kila mfamasia anawajibika yeye mwenyewe kutunza na kupanua ujuzi wake, kwa utaratibu, katika maisha yake yote ya kazi. Naomba mlishike neno hilo "kwa utaratibu". Halina maana ya kusoma gazeti la taaluma siku ukipata nafasi. Utaratibu wenyewe una hatua nne: mtu ajitazame aone anapungukiwa na nini, apange jinsi ya kujifunza, ajifunze, kisha apime kama kazi yake imebadilika. Na yote hayo ayaandike.

Hapa kwetu Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 imeweka Baraza la Famasi, ambalo husajili na kusimamia wanataaluma hawa. Baraza hilo, sawa na wenzao wa Kenya, limeifunga elimu endelevu na kibali cha kufanya kazi. Mwanataaluma hukusanya pointi, na pointi hizo hutazamwa anapotaka jina lake liendelee kuhesabiwa. Ni mpango mzuri. Bila pointi, wengi wetu, na siwasemi wafamasia tu, tungebaki na maazimio ya Mwaka Mpya.

Lakini wasikilizaji wangu, pointi zina ugonjwa wake. Ukimwambia mtu kwamba atahesabiwa pointi, atatafuta pointi. Ukimwambia kwamba atapimwa kwa ujuzi, atatafuta ujuzi. Hizo ni safari mbili tofauti, ingawa wakati mwingine basi ni moja.

Nani hajui semina zetu? Karatasi ya mahudhurio inazunguka saa tatu asubuhi. Saa nne ni chai na vitafunwa. Saa tano mtoa mada anaonyesha picha ukutani, na baadhi ya viti vimekwisha kuwa vitupu kwa sababu saini imekwisha kuwekwa. Tabia hii imeenea katika taaluma nyingi, na sisi waandishi wa habari tumo. Ila mwandishi akilala semina, gazeti litatoka na makosa. Mfamasia akilala semina, kosa litamezwa na mtu.

Kuna jambo jingine ambalo husemwa kwa sauti ya chini. Nani analipia ukumbi na chai ile? Katika nchi nyingi, sehemu kubwa ya semina za wataalamu wa afya hugharimiwa na kampuni zinazotengeneza au kuingiza dawa. Sisemi kwamba kila kampuni inakuja kudanganya. Lakini mwenye ngoma ndiye huchagua wimbo. Kampuni yenye dawa mpya ya presha italipia semina juu ya presha. Ni kampuni gani italipia semina ya kuwafundisha wafamasia namna ya kumkatalia mteja dawa asiyoihitaji?

Na somo hilo la kukataa ndilo tunalolihitaji zaidi. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba itafika siku mtu ataweza kuinunua dukani, ajipe dozi ndogo, na kuvifundisha vijidudu kuistahimili. Siku hiyo tunaiishi. Mteja anafika na noti mkononi anataka "rangi mbili" nne tu, kwa sababu fedha iliyopo ni ya nne. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liligawa antibayotiki katika makundi matatu: za matumizi ya kawaida, za kutumia kwa tahadhari, na za akiba. Siprofloksasini na azithromaisini, ambazo wengi tunazitaja kwa majina kama tunavyotaja sabuni, ziko katika kundi la tahadhari. Mtu aliyehitimu kabla ya 2017 hakulikuta fungu hilo chuoni.

Sasa tuwatendee haki wafamasia wenyewe. Mfamasia aliyeajiriwa katika duka la mtu mwingine hana siku ya kujifunza. Akiondoka, ama duka linafungwa au linauza bila yeye, na mwenye duka hapendi la kwanza. Mwenzake wa wilayani, ambaye pengine ndiye mfamasia peke yake katika hospitali nzima, anasafiri siku mbili kufuata semina ya siku moja, na wakati huo stoo iko mikononi mwa nani? Nauli na malazi vinatoka mfukoni mwake. Si haki kumtaka mtu ajiendeleze huku kila mlango wa kujiendeleza umefunguliwa Dar es Salaam. Mafunzo kwa njia ya simu na intaneti yamesaidia, lakini nayo yana kasoro ile ile: kufungua ukurasa na kubonyeza hadi mwisho si kujifunza.

Wenzetu wamejaribu njia nyingine. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2018, mfamasia hatakiwi kuonyesha saa alizokaa ukumbini. Kila mwaka anapeleka kumbukumbu sita. Nne ni za mambo aliyojifunza, na angalau mbili kati ya hizo ziwe alizipanga mapema. Ya tano ni ya mazungumzo na mwanataaluma mwenzake kuhusu kazi yake. Ya sita ni maelezo ya jinsi anavyotimiza kanuni za taaluma. Katika kumbukumbu za kujifunza anatakiwa atoe mfano wa jinsi wagonjwa walivyonufaika. Yaani haulizwi "ulikaa wapi", anaulizwa "umebadilisha nini".

Sishauri tuige kila kitu. Uingereza ina mambo yake, na mtu anaweza kuandika kumbukumbu za uongo kwa lugha tamu. Lakini swali lile tunaweza kuliazima bila gharama. Nina mapendekezo manne.

La kwanza, sehemu ya pointi itolewe kwa kazi iliyofanyika mahali pa kazi. Mfamasia akitazama daftari lake la mauzo, akagundua kwamba antibayotiki nyingi zinatoka bila cheti cha daktari, akapanga hatua na baada ya miezi mitatu akaonyesha tofauti, huyo amejifunza kuliko aliyekula chai katika hoteli tatu.

La pili, kila semina itangaze hadharani nani ameilipia, na kampuni isipewe nafasi ya kuchagua mada wala mtoa mada. Mwenye fedha achangie mfuko wa pamoja, na wanataaluma wapange wenyewe.

La tatu, mwajiri ahesabu siku za kujifunza kama sehemu ya kazi. Mwenye duka anayelipia umeme wa jokofu ili chanjo na insulini zisiharibike, alipie pia siku chache kwa mwaka ili kichwa cha mtaalamu wake kisiharibike.

La nne, na kwangu hili ndilo kubwa, tusimsahau anayetuuzia. Mara nyingi anayekabidhi dawa kaunta si mfamasia. Ni mteknolojia dawa, au ni mtoa dawa wa duka la dawa muhimu, utaratibu ulioanza mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili vijiji na miji midogo ipate dawa kwa watu waliopewa mafunzo. Mafunzo yale yalikuwa hatua kubwa. Lakini mafunzo ya mara moja huchakaa sawa na shahada. Wilaya ina mfamasia wake: apewe pikipiki, mafuta na ratiba ya kuwakutanisha watoa dawa wa eneo lake, hata kwa nusu siku, kila miezi michache. Huko ndiko elimu mpya itakakomfikia mgonjwa.

Na sisi wateja tuna sehemu yetu. Ukikabidhiwa dawa, uliza maswali matatu: naimeza vipi, niiepushe na nini, na nikiona dalili gani nirudi. Mwambie dawa nyingine unazotumia, hata kama hukuulizwa. Akikukatalia antibayotiki bila cheti, usihamie duka la jirani ukimtukana. Huyo amekuhudumia, ingawa hakukuuzia kitu. Na akisema, "Ngoja niangalie kwenye kitabu," usimdharau ukidhani hajui kazi. Mwogope zaidi yule ambaye kwa miaka 20 hajawahi kuangalia.